Daftari la mvua la binti wa Tukuyu

Mtihani wa kwanza wa Jiografia alioufanya akiwa kidato cha kwanza ulirudi na alama 14 kati ya 50. Swali lililommaliza lilikuwa fupi: eleza tofauti kati ya weather na climate. Aliandika kwamba la kwanza maana yake ni mvua, na la pili ni mvua nyingi.

Kwa mtoto aliyezaliwa na kukulia upande wa Katumba, nje kidogo ya Tukuyu mjini, jibu hilo halikuwa la kijinga kama linavyoonekana. Wilaya ya Rungwe ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi Tanzania. Kwa Tukuyu, wastani wa mwaka unapita milimita 2,000. Huko sare ya shule hukaushwa juu ya jiko, gambuti si za kulimia tu bali hata za kwendea kanisani, na mgeni akiuliza mvua zinaanza lini, wenyeji humwangalia kwanza kabla ya kumjibu.

Baba yake, mkulima wa chai na ndizi, aliposhika karatasi ile alicheka mpaka akakaa chini.

“Unafeli mvua?” alimuuliza. “Mtoto wa Tukuyu unafeli mvua?”

Binti hakucheka. Alichukua karatasi yake akaikunja mara nne.

Lipo jambo ambalo baba hakuliona siku ile, na wazazi wengi hawalioni. Nyumbani kwao mvua ina jina la Kinyakyusa, ifula, ndilo bibi analolitumia. Shule ya msingi ilimfundisha kwa Kiswahili, akajua masika na kiangazi, na akafaulu vizuri darasa la saba. Januari alipoingia sekondari, mvua ile ile ikaanza kufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa akinyoosha mkono kila dakika akawa anainamisha kichwa. Mzazi akiona alama zimeshuka husema mtoto ameanza ujana, au ni simu. Wakati mwingine tatizo ni kwamba hajui anaulizwa nini.

Mwalimu wake wa Jiografia alilijua hilo. Kipindi kilichofuata aliandika ubaoni maneno mawili ya Kiswahili: hali ya hewa na tabianchi. Akawaambia waende nayo nyumbani wakawaulize wazee maana yake, waje na majibu Jumatatu.

Bibi alikuwa jikoni akimenya ndizi. Neno la kwanza halikumpa shida, maana analisikia redioni kila siku. La pili alilirudia mara mbili.

“Tabianchi. Tabia ya nchi? Kumbe nchi nayo ina tabia?”

“Ndiyo bibi, ndivyo mwalimu alivyosema.”

“Basi ni rahisi,” bibi akasema. “Ukikutana na mtu njiani unamuuliza nini? Hali yako? Atakuambia ya leo. Leo anaumwa kichwa, leo ana furaha. Lakini tabia yake humuulizi njiani. Tabia unaijua kwa kukaa naye.”

“Kukaa naye miaka mingapi?”

“Babu yako nilikaa naye miaka arobaini, na bado kuna siku alinishangaza.”

Jumatatu binti aliyasimulia hayo darasani, kwa Kiswahili, na mwalimu akamwacha amalize. Kisha akaongeza kitu kimoja tu: wataalamu wa hali ya hewa duniani wamekubaliana kwamba ili kuieleza tabia ya mahali, hupigwa wastani wa kumbukumbu za miaka 30. Si mwaka, si miaka mitano. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, inapotangaza kwamba mvua za msimu zitakuwa za wastani, juu ya wastani au chini ya wastani, inalinganisha na kumbukumbu za miaka mingi za mahali husika. Ndiyo maana mvua za chini ya wastani Tukuyu bado zinaweza kuwa nyingi kuliko mvua nzuri za bonde la Usangu, ng’ambo ya milima, ambako mvua ya mwaka haifiki hata nusu ya ile ya Tukuyu.

Hapo ndipo kazi ya daftari ilipoanzia. Kila mwanafunzi alitakiwa kupima mvua nyumbani kwao kila siku mpaka mwisho wa mwaka.

Kifaa chenyewe hakikugharimu chochote. Alichukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, iliyonyooka ubavuni. Akaikata shingo, akaigeuza na kuitumbukiza juu ili iwe kama mrija wa kuingizia maji. Chini akaweka kokoto ili isianguke, akamimina maji hadi yakafunika kokoto, akachora mstari. Mstari huo ndio sifuri. Juu yake akabandika rula ya plastiki. (Mzazi mwenye mtoto wa darasa la nne au la tano anaweza kuitengeneza naye Jumamosi moja, ila kisu ashike mkubwa.)

Mara ya kwanza aliiweka chini ya mgomba, akapata vipimo vya ajabu, kwani jani la mgomba hukusanya maji na kuyamwaga mahali pamoja. Akaihamishia uwanjani, mbali na bati na miti. Vituo vya hali ya hewa husoma kipimamvua saa tatu asubuhi, lakini saa hiyo yeye huwa darasani. Mwalimu akamruhusu asome saa kumi na mbili na nusu kabla ya kuondoka, mradi isiwe leo saa hii na kesho saa nyingine.

Wiki za mwanzo nyumbani walimwona anacheza. Aliyebadilika kwanza ni mama, na kilichombadilisha ni hesabu. Binti alifundishwa kwamba milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwenye kila mita moja ya mraba. Bati lao linafunika kama mita 8 kwa 6. Asubuhi moja chupa ilipoonyesha milimita 10, alipiga hesabu kwenye ukingo wa daftari na kumwambia mama kwamba usiku ule lita 480 zimepita juu ya nyumba na kuishia mtaroni.

“Ndoo ngapi hizo?”

“Ishirini na nne, mama.”

Mama alinyamaza. Septemba, kijito kinapopungua, yeye hubeba ndoo sita kwa siku kichwani, na mlima ni wa kupanda wakati wa kurudi. Kabla mwezi haujaisha baba alikuwa ameshanunua mifereji ya bati ya upande mmoja wa paa na pipa moja. Upande wa pili, alisema, tutaona.

Likizo ya Juni binti alipelekwa na mdogo wake Kyela kwa shangazi. Kosta iliteremka kutoka Tukuyu, na kabla hawajafika nusu ya safari sweta zilikuwa zimeshavuliwa. Safari hiyo ameipita mara nyingi, lakini safari hii aliipita na daftari. Tukuyu iko kwenye mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Kyela iko karibu na Ziwa Nyasa, ambalo liko mita 475 hivi. Darasani walifundishwa kwamba kila ukishuka mita 1,000, joto huongezeka kwa nyuzi sita na nusu hivi. Akapiga hesabu: karibu nyuzi saba. Akamwambia mdogo wake, ambaye hakujali, kwa kuwa alikuwa anatapika.

Ziwa ndilo lililomfundisha zaidi. Kutoka kwa shangazi unaona maji upande mmoja na milima upande mwingine. Hewa yenye unyevu hutoka ziwani, ikifika mlimani haina pa kwenda ila juu. Mlima Rungwe una karibu mita 2,960. Hewa ikipanda hupoa, ikipoa haiwezi kubeba mvuke wote iliokuja nao, na mvuke hugeuka mawingu na mvua. Mlima unaikamua hewa kama nguo. Inapovuka kwenda Usangu imeshakuwa nyepesi na kavu, ndiyo maana kule wakulima wa mpunga hutegemea sana mifereji ya maji yanayoshuka kutoka milimani. Alikuwa akidhani mvua ya Tukuyu ni ya Tukuyu. Kumbe husafiri.

Shangazi aliwalaza ndani ya chandarua kila usiku na kukagua kama kimechomekwa vizuri chini ya godoro. Hilo nalo lina uhusiano na nyuzi saba za binti. Vimelea vya malaria vinavyosumbua zaidi huku kwetu hukua ndani ya mbu, na joto likishuka chini ya nyuzi 18 hivi ukuaji wao hudorora mno, mara nyingi mbu hufa kabla havijakomaa. Miinuko yenye baridi hupata nafuu kwa sababu hiyo, ingawa nafuu si kinga. Mtoto wa mlimani akienda likizo ziwani alale ndani ya chandarua, na akirudi akapata homa hata baada ya wiki kadhaa, mzazi amweleze mhudumu wa afya kwamba alisafiri. Na anayedhani nyuzi mbili tatu za joto kuongezeka duniani ni habari za wazungu aanzie hapo kufikiri.

Baba ndiye aliyechelewa kushawishika. Kwake mvua ni mvua. Binti alimkumbusha Hanang, Desemba 3, 2023, tope lilipoporomoka kutoka mlimani na kuufunika mji wa Katesh, zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Mwalimu aliwaambia kwamba ardhi ikishashiba maji kwa siku nyingi, mvua inayofuata si sawa na mvua ile ile juu ya ardhi kavu, hata kama chupa inaonyesha namba moja. Ndiyo maana huandikwi mvua ya leo peke yake, huandikwa na ya jana na ya juzi. Baba alitazama mteremko ulio nyuma ya nyumba ya bibi. Hakusema kitu. Wiki hiyo ile miti miwili aliyopanga kuikata pale haikukatwa.

Kisha ikaja Oktoba, na Oktoba ndiyo iliyomfundisha zaidi kuliko kitabu.

Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Chupa ilijaa vizuri. Binti, ambaye kufikia hapo alikuwa anaheshimika nyumbani kwa mambo ya mvua, alitangaza mezani kwamba msimu umeanza. Mama alikuwa na mfuko wa kilo mbili wa mbegu ya mahindi ya kisasa, aliyoinunua kwa pesa ya kikoba. Akapanda.

Mvua ikakata. Jua likawaka wiki ya kwanza, likawaka ya pili. Vijimche vilivyotoka vikajikunja kama karatasi iliyokaribia moto, na vingine havikutoka kabisa.

Mama hakumgombeza. Alisema tu, “Tutanunua nyingine,” na kwa sauti ile ile ya kawaida. Watoto wengi wangetamani kugombezwa. Binti huyu aliacha kwenda kwenye chupa. Asubuhi alipita kando yake kama mtu anayepita kwa jirani aliyegombana naye. Siku 16 zilipita bila namba.

Mwalimu alipotangaza kwamba daftari zitakusanywa Ijumaa, alikaa usiku wa Alhamisi na kalamu akazijaza siku zote 16. Alikuwa mjanja: hakuandika mvua kubwa. Sifuri hapa, tatu pale, sita, sifuri, mbili. Zilionekana kama namba za kweli, na huenda mwalimu asingegundua.

Asubuhi mama alikuwa anasubiri chai ichemke. Aliliona daftari mezani akaanza kufunua kurasa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mama huyu aliishia darasa la saba. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari.

“Mwanangu, tarehe hii umeandika sita.”

“Ndiyo mama.”

“Hii ndiyo siku tuliyomzika mzee wa jirani. Jua liliwaka mpaka mama mkubwa akaishiwa nguvu makaburini, tukamkalisha chini ya mparachichi. Hiyo sita ilinyesha wapi?”

Chai ilimwagikia jikoni na hakuna aliyeitoa.

Binti alifuta namba zote 16. Ufutio ulitoboa karatasi sehemu mbili. Hakujua aandike nini badala yake, kwa hiyo alipeleka daftari likiwa na doa jeupe katikati, akamweleza mwalimu kila kitu, pamoja na mahindi.

Mwalimu hakumchapa wala kumsifu. Alichukua kalamu akachora kistari kwenye kila siku iliyokuwa tupu. Sifuri na kistari, alimwambia, si kitu kimoja. Sifuri maana yake nilikwenda, nikaangalia, mvua haikuwepo. Kistari maana yake sikuangalia. Mtu atakayesoma daftari hili baadaye anaweza kuishi na vistari, lakini akiletewa uongo mmoja hataamini hata zile namba za kweli.

Kuhusu mahindi alimweleza kwamba hata wataalamu hawaiiti mvua ya kwanza mwanzo wa msimu. Huangalia kiasi kilichonyesha, na kama kinafuatiwa na kipindi kirefu kikavu. Mikoa ya Nyanda za Juu Kusini ina msimu mmoja mrefu, ambao TMA huutolea utabiri wa Novemba hadi Aprili, na siku tatu za Oktoba si mkataba. “Ulisoma hali,” alisema, “ukadhani umeona tabia.” Jioni binti alimpelekea bibi maneno hayo. Bibi alisema hivyo ndivyo wasichana wanavyoolewa vibaya.

Mwaka uliofuata, akiwa kidato cha pili, baba ndiye aliyemfuata yeye. Rungwe nzima watu wanapanda parachichi, na baba alikuwa anafikiria kung’oa sehemu ya migomba ili aingie huko kwa mkopo. Siku hizi kila mtu kijiweni anasema mvua zimebadilika. Alitaka kujua kama ni kweli.

“Wewe una daftari. Zimebadilika au hazijabadilika?”

Mwaka mmoja kabla angejibu papo hapo.

“Baba, mimi nina mwaka mmoja na miezi, na kuna vistari. Inatakiwa miaka 30. Nikiwa nayo nitakuwa na miaka 44. Kwa sasa sijui. Waulize TMA na bwana shamba, wao wana kumbukumbu za zamani.”

Jibu la namna hiyo halimfurahishi mzazi anayelipa ada ya vitabu na sare. Baba alinung’unika kwamba anasomesha mtoto ili aambiwe sijui. Lakini wiki iliyofuata alikwenda kwa ofisa ugani wa kata, na mkopo aliusogeza mbele kwanza.

Bibi yeye alikuwa na majibu tayari. Anakumbuka Juni za utotoni ambazo Mlima Rungwe haukuonekana wiki nzima kwa ukungu. Anakumbuka wazee wakizungumzia Lubaga, alikokuwa Lwembe, ambaye Wanyakyusa walimwendea kwa mambo ya mvua na rutuba. Binti ameyaandika hayo nyuma ya daftari, chini ya kichwa “Bibi anasema”, bila milimita. Kumbukumbu ya mtu hushika siku kubwa na kuziacha za kawaida, na siku za kawaida ndizo zinazotengeneza wastani. Hata hivyo ni kumbukumbu ya mama, si chupa, iliyojua kwamba jua liliwaka siku ya mazishi. Kwa hiyo nyuma ya daftari kurasa zinazidi kujaa.

Mwishoni mwa mwaka wanafunzi wa kidato cha pili waliwekwa kambi shuleni kujiandaa na mtihani wa taifa. Binti alikaa huko wiki mbili. Aliondoka akiwa ameshakubali kwamba daftari litapata vistari vingine 14, na hakumwomba mtu yeyote ampimie.

Aliporudi alilikuta juu ya kabati la vyombo, mahali pasipokuwa pake. Siku zilikuwa zimejazwa kwa mwandiko mkubwa wa baba, namba zikitoka nje ya mistari. Siku mbili zilikuwa na mwandiko wa mama. Na Jumatano moja, katikati, palikuwa na kistari.

Alimuuliza baba.

“Nilikwenda Mbeya alfajiri, mama yako alikuwa kliniki na mtoto,” baba alisema. “Hatukuangalia.”